Jeti ya mtumba

Mwaka 1971 Jeshi la Anga la Kenya lilianza kutumia ndege sita za jeti kutoka Uingereza. Jina lake Strikemaster, toleo namba 87. Viti viwili ubavu kwa ubavu, kimoja cha mwalimu na kimoja cha mwanafunzi, injini moja, mabawa yaliyonyooka. Zilifundisha marubani, na zilipohitajika zilibeba silaha. Kisha zikaja Hawk, mpya na za kasi zaidi, na Strikemaster zikawa wazee wa kambi. Baadaye ziliuzwa Botswana. Botswana nayo ilipopata ndege nyingine katika miaka ya 1990, zikawekwa sokoni tena. Safari hii walionunua hawakuwa serikali. Walikuwa watu binafsi.

Ndiyo, umesoma vizuri. Katika Uingereza, Marekani, Australia na nchi nyingine kadhaa, mtu mwenye leseni ya urubani na akiba nzuri benki anaweza kununua ndege ya jeti iliyokuwa ya jeshi, akaiweka kwenye hanga, na Jumamosi akatoka nayo kama wewe unavyotoka na pikipiki. Silaha zimeng'olewa, karatasi zimesajiliwa upya, na mara nyingi rangi za jeshi la zamani zimeachwa vilevile kwa sababu ndizo zinazopendeza. Strikemaster mojawapo iliyotumikia Oman imerushwa Uingereza kwa usajili wa G-SOAF. Herufi nne za mwisho ni kifupi cha jina la Kiingereza la Jeshi la Anga la Sultani wa Oman. Mwenye nayo hakutaka historia ipotee, na nadhani alikuwa na haki.

Linaloshangaza wengi ni bei. Jeti ya mafunzo ya miaka ya 1960 mara nyingi huuzwa kwa pesa pungufu kuliko Cessna mpya ya viti vinne, ile ya propela moja inayobeba watalii kwenda mbugani. Jeti kwa bei ya chini kuliko teksi ya angani! Sisi watu wa mitumba tunajua kwamba koti zuri likiuzwa rahisi hivyo, ni lazima uligeuze ndani nje, uangalie mishono. Basi tuligeuze.

Kwanza ilikotoka. Strikemaster ni mtoto wa Jet Provost, na Jet Provost ni mtoto wa ndege ya propela iliyoitwa Provost. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanafunzi wa urubani katika jeshi la Uingereza alianza na propela, na jeti akaikuta baadaye. Kampuni ya Hunting Percival ikauliza swali la kawaida kabisa: kama rubani ataishia kwenye jeti, kwa nini asianzie hapo hapo? Wakachukua Provost, wakaitoa injini ya pistoni, wakaitia ya jeti. Jet Provost ya kwanza iliruka mwezi Juni 1954, ikiwa na miguu mirefu ya kuchekesha kama ya korongo, na mwaka 1955 jeshi lilianza kujaribu kufundisha wanafunzi kwa jeti tangu somo la kwanza. Wakaweza. Matoleo yaliyofuata yalifundisha marubani wa Uingereza hadi mwaka 1993, ambapo nafasi yake ilichukuliwa na Tucano, ambayo, kwa kejeli ya historia, ni ya propela.

Injini yake iliitwa Viper, na hapa kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote. Viper haikubuniwa kwa ajili ya binadamu. Ilibuniwa kuendesha Jindivik, ndege ndogo ya Australia isiyo na rubani, ambayo kazi yake ilikuwa kuruka na kupigwa risasi na watu wanaojifunza kulenga. Injini ya chombo kinachokwenda kuuawa haina haja ya kuishi muda mrefu, kwa hiyo ya mwanzo ilipangiwa maisha mafupi sana, na hata mafuta yake ya kulainishia yalikuwa yakitumika na kutupwa nje badala ya kuzungushwa. Baadaye wahandisi wakairekebisha, wakaipa mfumo kamili wa vilainishi na vipuri vya kudumu, na ikawa injini ya kutegemewa iliyosambaa dunia nzima. Leo kuna Viper zinazonguruma kwenye ndege zenye umri wa babu zetu.

Mwaka 1967 ikaja Jet Provost yenye chumba cha rubani kilichozibwa hewa, na mwaka huohuo Strikemaster: umbo lilelile, Viper yenye nguvu zaidi, bunduki mbili, na sehemu za kuning'iniza mabomu na roketi chini ya mabawa. Soko lake lilikuwa nchi zilizotaka ndege moja ifanye kazi mbili, yaani asubuhi darasa, jioni vita. Saudi Arabia ilinunua, Oman, Kuwait, Singapore, New Zealand, Ekwado, Kenya.

Oman ndiko ilikotumika kwa nguvu hasa, katika vita vya Dhofar. Tarehe 19 Julai 1972, mji mdogo wa Mirbat ulishambuliwa alfajiri na mamia ya wapiganaji, na waliokuwa ndani ni askari tisa wa kikosi maalumu cha Uingereza pamoja na Waomani wachache. Mawingu ya kusi yalikuwa yametanda karibu na ardhi. Strikemaster kutoka Salalah zilipita chini ya mawingu hayo, na bila wao Mirbat ingeanguka.

Kenya nayo ina kumbukumbu yake, fupi na chungu. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, siku ya jaribio la mapinduzi, marubani watatu huko Nanyuki walilazimishwa kwa mtutu wa bunduki kurusha F-5 mbili na Strikemaster moja, waende wakalipue Nairobi. Hawakulipua. Mabomu yakaishia msituni Mlima Kenya. Nakueleza haya ili ujue kwamba tunapoita kitu hiki ndege ya mafunzo, neno hilo lisikulaze.

Sasa turudi sokoni. Ilitokea hivi: vita baridi vikaisha, majeshi yakapunguza, na ndege zikatolewa kwa mkupuo. Uingereza ikauza Jet Provost. Upande wa pili, Umoja wa Kisovyeti ulipovunjika mwaka 1991 uliacha nyuma maelfu ya ndege za mafunzo za Czechoslovakia, L-29 na ndugu yake mdogo L-39 Albatros, ambayo hadi leo ndiyo kipenzi cha wanunuzi wa Marekani. Nchi changa zilihitaji dola, na wafanyabiashara walikuwa nazo. Na mambo hayakuishia kwenye burudani tu: mwanzoni mwa miaka ya 2000 Strikemaster mbili zilizokuwa zimepita mikono ya biashara zilijikuta Abidjan wakati wa vita vya Côte d'Ivoire. Bunduki iliyong'olewa yaweza kurudishwa.

Lakini tuseme wewe ni mtu mwema, unataka tu kuruka. Umelipa. Ndege iko hangani. Umenunua nini hasa?

Umenunua kiu. Injini ya ndege husukuma kwa kutupa hewa nyuma. Msukumo unaoupata unategemea tungamo la hewa mara kasi yake, ila nishati unayolipia inategemea tungamo mara kasi kipeo cha pili. Maana yake, ukitaka msukumo uleule kwa gharama ndogo, tupa hewa nyingi polepole. Propela hufanya hivyo. Injini za ndege kubwa za abiria, zenye feni pana mbele, nazo hufanya hivyo. Viper ni jeti ya kale isiyo na feni: hutupa hewa kidogo kwa kasi kubwa mno, na kasi hiyo ndiyo ile kelele. Marubani wa Uingereza walikuwa wakitania kwamba Jet Provost ni mashine ya kugeuza mafuta kuwa kelele.

Hesabu yake ni rahisi. Injini za namna hii hunywa, kwa makadirio, kilo moja ya mafuta na kidogo juu yake kila saa kwa kila kilo moja ya msukumo. Viper ya Jet Provost za baadaye ilitoa msukumo wa kilo 1,130 hivi. Kwa nguvu zote ni zaidi ya kilo 1,130 za mafuta kwa saa, na kwa kuwa lita moja ya mafuta hayo ina uzito wa kama kilo 0.8, unapata zaidi ya lita 1,400. Rubani hasafiri kwa nguvu zote, lakini hata ukikata nusu ni lita 700. Cessna ya viti vinne hutosheka na lita 35 hivi. Na mafuta yenyewe ni nini? Ni mafuta ya taa, ndugu wa karibu wa yale ya kwenye jiko la mchina, yaliyosafishwa kwa viwango vikali.

Umenunua pia baruti. Viti vya Jet Provost na Strikemaster ni vya kufyatuka, kazi ya kampuni ya Martin-Baker: hatari ikitokea unavuta kishikio na kiti kinarushwa nje kwa fataki zilizofichwa chini na nyuma yako. Fataki hizo zina tarehe ya mwisho kama dawa za hospitalini. Jeshi lina karakana, lina ghala, lina fundi ambaye kazi yake ni viti tu. Mmiliki binafsi anatafuta fataki mpya za kiti cha miaka sitini iliyopita kutoka kwa watengenezaji ambao wangependa kumsahau. Baadhi ya wamiliki, hasa Marekani, huzima viti kabisa. Unakaa kwenye kiti cha kufyatuka kisichofyatuka. Mimi hapo ningeshuka.

Na umenunua historia ya metali. Nasoma uhandisi wa vifaa, kwa hiyo niombe radhi mapema, hapa nitakaa kidogo.

Chukua kipande cha waya wa kufungia, ukikunje na kukinyoosha. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya tano hakuna kitu. Mara ya kumi na kitu kinakatika, ingawa hujatumia nguvu zaidi ya mara ya kwanza. Huo ndio uchovu wa metali. Kila mkunjo huacha jeraha dogo, jeraha huwa ufa, ufa hukua kidogo kidogo, na siku moja sehemu iliyobaki haitoshi kubeba mzigo. Chuma, kikiwa na mzigo mdogo wa kutosha, kinaweza kuvumilia mikunjo karibu bila mwisho. Aloi za alumini, ambazo ndizo mwili wa ndege, hazina bahati hiyo. Hata mzigo mdogo, ukirudiwa vya kutosha, unahesabika.

Sasa fikiria maisha ya ndege ya mafunzo. Ndege ya abiria hupaa, husafiri, hutua. Ndege ya mafunzo ilikuwa ikizungushwa, ikapinduliwa, ikavutwa juu kwa nguvu na kijana wa miaka ishirini ambaye bado hajui kiasi, mara nyingi kwa siku moja, na kutua kwake kulikuwa kama kuangusha gunia. Rubani akivuta hadi kila kitu kikawa na uzito mara nne, bawa nalo linabeba mzigo mara nne. Ndiyo maana Waingereza waliweka ndani ya ndege hizi kifaa kidogo kinachohesabu ni mara ngapi mizigo ya viwango mbalimbali imefikiwa. Baada ya kila safari mtu alikisoma na kuandika. Kutokana na namba hizo wahandisi walikokotoa kiwango cha uchovu cha ndege, na kiwango kikifika 100, maisha yaliyopangwa yamekwisha.

New Zealand ilijifunza somo hilo kwa njia ya gharama. Ilikuwa na Strikemaster 16, na nyufa za uchovu kwenye mabawa ni miongoni mwa sababu zilizozisukuma nje ya jeshi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jeshi likiona ufa lina la kufanya: linasimamisha kundi zima, linalipia mabawa mapya au linanunua ndege nyingine. Ndege zilezile zikimfikia mtu binafsi, anazipokea na umri wake wote. Mwezi Oktoba 2006, karibu na Bathurst, Australia, Strikemaster ya kiraia ilipoteza bawa ikiwa angani. Watu wawili waliokuwemo walikufa. Uchunguzi ulikuta ufa wa uchovu.

Kwa hiyo ukienda kununua jeti ya mtumba, usianze na rangi wala kelele. Omba kitabu chake. Ndege iliyotumika nchi moja, kisha ya pili, kisha ikalala miaka hangani, kisha ikavuka bahari ndani ya kontena, lazima mahali fulani kuwe na ukurasa uliopotea. Nani alikuwa akisoma kile kifaa? Aliandika kila siku, au siku za vita aliruka ukurasa? Metali inakumbuka kila kitu, ila haisemi.

Hapa ndipo nasita, nikiwa kama mtu anayependa ndege. Watu husifu ndege hizi kuwa zinasamehe. Ni kweli, zilibuniwa zimsamehe mwanafunzi: mabawa yaliyonyooka yanayoonya mapema kabla ya kupoteza nguvu ya kubeba, usukani usio na hila, mwalimu kando ambaye mkono wake uko tayari. Ila angalia vizuri msamaha huo ulitoka wapi. Sehemu kubwa ilikuwa nje ya ndege: mwalimu, daktari wa jeshi, mtabiri wa hali ya hewa, mafundi wa zamu, ghala la vipuri, mkubwa wa kikosi anayeweza kusema leo huruki. Vyote hivyo havikuuzwa. Kilichouzwa ni metali na injini.

Na anayelipa si mmiliki peke yake. Tarehe 24 Septemba 1972, huko Sacramento, California, Sabre ya kivita inayomilikiwa na mtu binafsi ilishindwa kupaa mwishoni mwa maonyesho ya ndege, ikavuka barabara na kuingia ndani ya duka la aiskrimu. Watu 22 walikufa, 12 kati yao watoto. Rubani, ambaye alikuwa amerusha aina hiyo ya ndege kwa saa chache tu, alipona. Sheria za Marekani kuhusu jeti za zamani zilikazwa baada ya hapo. Sabre haikuwa ya mafunzo, utasema. Sawa.

Tarehe 22 Agosti 2015, huko Shoreham, kusini mwa Uingereza, ilikuwa ya mafunzo: Hawker Hunter T7, toleo la viti viwili. Ilikuwa ikifanya maonyesho, ikaingia kwenye mzunguko wa kupanda na kupinduka bila kasi ya kutosha, ikafika kileleni ikiwa chini mno, na haikuwa na nafasi ya kumalizia. Ikaanguka kwenye barabara kuu ya A27. Watu 11 walikufa, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ndani ya ndege. Kuna waliokuwa wakiendesha magari yao, kuna waliosimama kando ya barabara kutazama. Rubani alipona. Wachunguzi walipochambua mabaki walikuta, pamoja na mengine, kwamba fataki za viti zilikuwa zimepitwa na tarehe. Siyo iliyosababisha ajali. Lakini kwa mtu wa mitumba, huo ndio mshono.

Mamlaka ya anga ya Uingereza ilizuia Hunter zote kuruka kwa muda, na jeti za kale zikakatazwa kufanya sarakasi juu ya nchi kavu kwenye maonyesho, zikaruhusiwa kupita tu. Wamiliki walilalamika, baadhi yao kwa sababu za msingi, kwani wako wanaotunza ndege zao kwa nidhamu ambayo majeshi mengi yangeionea wivu. Wanaunda vikundi, wanachangia gharama, wanaajiri mafundi waliozifanyia kazi tangu ujana wao. Mafundi hao sasa wana miaka sabini na zaidi. Vipuri vinaweza kuchongwa upya ukiwa na pesa. Sikio la fundi aliyesikiliza Viper miaka thelathini, anayejua kwa mlio tu kwamba kuna kitu, hilo bado hatujui kulichonga.

Strikemaster zenyewe bado zinaruka hapa na pale. Kabla ya kila safari mtu anazunguka ndege na tochi, anapitisha kidole chini ya bawa pale linapoungana na mwili, anatafuta mstari mwembamba kuliko unywele. Asipouona, anapanda.